Ukuta wa Nyuma wa Sinema

Raymond alipoziweka picha mbili juu ya meza ya chai, Mwaija alidhani ni za majengo mawili tofauti. Moja ilikuwa ya jua kali, nyingine ya mawingu. Kila moja ilionyesha ukuta mrefu usio na rangi, wenye kidirisha juu na mpapai pembeni. Mpapai ndio uliomfanya atambue kwamba alikuwa anatazama mgongo wa nyumba yake mwenyewe.

"Hii niliipiga Septemba, mama," Raymond alisema. "Hii nimeipiga jana. Nilisimama palepale. Tazama ufa."

Mwaija alijifuta unga mikononi akazichukua. Katika picha ya Septemba ufa ulikuwa mstari mwembamba, kitu ambacho mtu angedhani ni kivuli cha waya. Katika picha ya jana ulikuwa umepanda kutoka kwenye msingi mpaka kwenye bati, na huko juu ukuta ulikuwa umeachana na nguzo na kuinamia ndani. Ndani, yaani juu ya kitanda cha mkwewe.

"Labda ni kamera," alisema.

"Ningefurahi ingekuwa kamera, mama."

Raymond alitoka Dar es Salaam. Alikuwa akizunguka mikoani kupiga picha majumba ya sinema yaliyojengwa enzi za Mwingereza, kabla hayajaisha. Mengine aliyakuta yamekuwa makanisa, mengine maghala ya mbolea. Handeni aliambiwa liliwahi kuwapo moja, alipofika akakuta sakafu tupu ya saruji na watu wameanika mahindi. Hili la Korogwe lilikuwa bado limesimama. Jina lake la Kiingereza lilikuwa limebaki herufi tatu juu ya mlango, lakini mjini hakuna aliyelihitaji, watu waliliita tu Sinema. Kwenye dirisha la tiketi Mwaija aliuza chai na maandazi. Ukumbini, palipokuwa na viti, mumewe Ukasha alifanya useremala. Nyuma kabisa, kwenye jukwaa lilipokuwa pazia la picha, Ukasha alikuwa amegawa vyumba viwili kwa mbao, na humo waliishi wao na mama yake, Bibi Hajira, tangu binti yao Shamimu aolewe.

Ukasha alitoka ukumbini na randa mkononi. Alipomwona mgeni, hakumpa mkono.

"Shikamoo, mzee," Raymond alisema.

"Marahaba. Safari hii umesahau nini?"

Mwaija akampa picha. Ukasha alizitazama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuona ufa, kisha akazirudisha mezani, akazilaza kifudifudi.

"Rehani kakutuma."

"Simjui huyo mtu, mzee."

"Mwenye jengo. Anakaa Tanga. Tangu mwaka jana ananitafutia sababu nitoke auze kiwanja. Sasa wewe unakuja na picha."

"Mzee, mimi napiga majengo tu. Sina shida na watu."

"Ndiyo hivyo," Ukasha alisema. "Umekuja mara mbili humu, na hujaona watu."

Wateja wawili waliokuwa wanakunywa chai walicheka. Raymond akainama kufunga mkoba wa kamera, masikio yakiwa yamemwiva. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia Mwaija, si Ukasha, "Masika ndiyo kwanza yanaanza, mama. Tafadhali, msilale kule nyuma. Namba yangu nimeiandika kwenye picha."

Mwaija aliziweka picha chini ya beseni la unga, mahali ambapo mumewe hafiki.

*

Alimpigia Rehani mwenyewe, akiwa amesimama nje kwenye mpapai ili Ukasha asisikie. Mzee yule aliipokea simu mahali penye watu, na Mwaija alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi, akajua ameiweka ili wote wasikilize.

"Ukuta umepasuka, mzee. Unainama. Tulikuwa tunaomba uje uuone, au umtume fundi."

"Mama, si mumeo ni fundi?"

Watu wakacheka.

"Ni seremala, mzee."

"Basi auwekee mti. Na kama mmechoka kukaa, tokeni, sijamfunga mtu kamba. Kuna wanaoliulizia hilo jengo kila siku."

Alishukuru. Simu ilipokatika ndipo alipojiuliza alikuwa anashukuru nini.

Jioni ile habari ilikuwa imeshavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na karakana ya Semboja, mchomelea mageti, na mbele yake benchi ambalo wanaume walinywea kahawa. Ukasha alipofika, Semboja alisogea kwa heshima za uongo.

"Mpisheni, jamani, huyu ni marehemu mtarajiwa. Ukasha, hiyo randa utamwachia nani?"

Ukasha alicheka pamoja nao. Alicheka zaidi yao. Alisema jengo lile lilijengwa na watu waliojua kazi, saruji ya meli, si hii ya kuchanganya na mchanga wa mtoni. Alisema kama ukuta ulimsubiri Mwingereza aondoke na haukuanguka, hauwezi kumwangukia Mzigua. Watu walipiga makofi. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye kidole chake, akakificha mfukoni.

Nyumbani Mwaija alikuwa amesogeza kitanda cha Bibi Hajira katikati ya chumba. Nyuma ya kitanda, ufa uliokuwa umefunikwa na khanga ulikuwa mpana kuliko alivyofikiri. Aliingiza kiganja. Kiliingia hadi kwenye kifundo cha mkono, na ncha za vidole vyake zikahisi upepo wa nje.

"Unanung'unika," Bibi Hajira alisema kutoka kwenye mswala. "Nikisujudu nausikia."

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu zile mvua za kwanza."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Mwanangu angesema mama amezeeka, anasikia vitu." Bibi alikunja mswala taratibu, akaushika mkono wa mkwewe, ule uliokuwa na vumbi jeupe la saruji, akaupangusa kwa upindo wa khanga yake.

*

"Nenda naye kwa kaka yako," Ukasha alisema asubuhi. "Mkae huko mpaka mvua ziishe. Mimi nabaki."

"Unabaki kufanya nini?"

"Mama Shamimu, hebu fikiri. Nikitoka leo, kesho Rehani anapiga kufuli. Humu kuna kabati la mwalimu, kuna vitanda vya yule mama wa Magoma, kuna mbao za watu. Wakija niwaambie nini? Kwamba nilikimbia picha?"

"Lala basi huku mbele."

"Nitalala pangu."

Alisema hivyo kwa sauti iliyowafikia wanywa chai. Mwaija alimjua mumewe, alijua kwamba neno likishasikiwa na watu hawezi tena kulirudisha. Akafunga virago. Bibi Hajira alibebwa kwenye bodaboda mpaka stendi, ameshikilia kiuno cha dereva kwa mikono miwili na kusoma dua njia nzima, na Mwaija akafuata na ya pili, mabegi mapajani.

Handeni, kaka yake Sadala aliwapokea vizuri. Aliwapa chumba cha watoto. Watoto wakahamia sebuleni, na hilo lilikuwa jambo dogo mchana na kubwa kila asubuhi walipokuwa wanatafuta viatu vya shule. Mke wa Sadala, Yusra, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema mambo kwa sufuria. "Wewe sufuria, siku hizi hujai," alikuwa akisema jikoni, mlango ukiwa wazi. Mwaija aliamka mapema kuliko wote, akachota maji, akafagia, akaosha vyombo visivyokuwa vyake, lakini wifi yake alipovikuta vimeoshwa alivirudia.

Bibi Hajira hakula vizuri. Aliketi mlangoni akitazama upande wa kaskazini, kwenye milima ya Usambara inayoonekana kama moshi siku zisizo na mawingu. Mvua ikinyesha Handeni aliuliza kama Korogwe nako inanyesha. Isiponyesha aliuliza vilevile.

Kila jioni Mwaija alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Nipo ndani, nitakuwa wapi?"

"Ukuta?"

"Ukuta umesimama kama askari. Mwambie mama ale."

"Mwambie mwenyewe."

"Mama, kula. Mimi nimelala usingizi mzuri kabisa, kwenye kitanda chako."

Bibi alisikiliza, akaitikia, akairudisha simu. "Anadanganya," alisema. "Kuna kitu anadanganya, sikijui."

Mwaija alifikiri anajua. Alifikiri ukuta umeinama zaidi na mumewe hataki kusema. Alizitoa picha kwenye begi, akazitazama moja baada ya nyingine, akijaribu kukisia ya tatu ingekuwaje. Aliota bati. Akipita kwa jirani na kusikia mlango unabamizwa, aligeuka kutazama paa. Siku moja Yusra alidondosha sinia jikoni, Mwaija akapiga ukelele mpaka watoto wakacheka. Yusra hakucheka. Siku hiyo hakuongea na sufuria.

*

Ijumaa, simu ya Ukasha haikupatikana. Mwaija alipiga asubuhi, akapiga tena baada ya chai. Watu waliotoka Korogwe na gari la kwanza walisema kule mvua haijakatika tangu jana, na umeme hakuna.

"Huenda ni umeme tu, wifi," Yusra alisema. "Simu imekwisha chaji."

"Huenda."

Yusra alimtazama, kisha akaingia chumbani akatoka na koti la mvua la mumewe. "Nenda ukamwone. Bibi nitabaki naye mimi. Nenda."

Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo gari lilizungukia Mkata na Segera. Pale njia panda ya Segera, wachuuzi walikimbilia madirishani na machungwa na mahindi ya kuchoma. Mwaija alifungua kioo.

"Mwanangu, kuna mtu katoka Korogwe leo? Sinema imesimama?"

"Sinema gani, mama?" kijana wa machungwa aliuliza. "Machungwa haya, matamu."

Alimuuliza mwingine, akamuuliza na mama wa mahindi. Hakuna aliyejua. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka kumtazama mwanamke huyu anayeulizia sinema kwenye mvua, akamnong'oneza mwenzake. Mwaija alifunga kioo. Njia yote iliyobaki aliyakaza macho mbele, na kila paa lililotokea kwenye ukungu alilihesabu kuwa dalili mbaya.

Sinema ilikuwa imesimama. Aliiona kutoka mbali, akaharakisha, lakini alipokaribia aliona mlango umefungwa kwa ubao na hakuna mtu barazani. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango, meupe kama tui.

"Ukasha!"

Alisukuma ubao, akaingia. Ukumbi ulikuwa na giza. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hakusikia sauti yake mwenyewe. Kabati la mwalimu lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali. Alipita kando yake, akashika mbao za ukuta wa vyumba, akapanda ngazi tatu za jukwaa.

"Baba Shamimu! Ukasha!"

Mwanga ulikuwa unaingia mahali ambapo haukupaswa kuingia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejitoa tumbo, na kupitia ufa aliuona mpapai mzima, majani yake yakitikiswa na mvua. Kitanda cha Bibi hakikuwapo. Chao pia hakikuwapo. Hakukuwa na godoro, hakukuwa na sanduku, hata msumari ambapo Ukasha alitundika kanzu ya Ijumaa ulikuwa mtupu. Alisimama katikati ya chumba akizunguka, na hakuelewa. Alifikiri mumewe ameibiwa. Alifikiri ameuawa akaibiwa. Kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia kilidondoka mbele yake kikavunjika, na bado hakutoka, alipiga magoti akaanza kuondoa vifusi kwa mikono, akiamini mumewe yuko chini.

Mkono ulimshika begani ukamvuta kwa nguvu mpaka akakaa chini. Alikuwa Ukasha. Alikuwa amevaa kanzu, imelowa, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto mwenye homa. Alimwinua, akamburuta kwenye ngazi, wakapita ukumbini wakigonga mbao, wakatoka nje, wakavuka barabara bila kutazama magari, na hakumwachia mpaka walipofika ndani ya karakana ya Semboja.

"Nilimwona akiingia, nikaita, hakusikia," Semboja alikuwa anasema. "Ndiyo nikakimbilia msikitini kukuita. Mimi kuingia mle sikuweza, Ukasha. Nisamehe. Sikuweza."

Mwaija alihema. Alifuta maji machoni. Kisha akaona, nyuma ya mageti yaliyoegemezwa, kitanda cha Bibi Hajira. Juu yake palikuwa na godoro lao, na mto, na chandarua kimefungwa vizuri kwenye bomba la chuma. Randa ilikuwa chini ya kitanda. Sanduku lilikuwa pale, na mbao za kitanda chao zimeegemezwa ukutani. Kulikuwa na kikombe.

Alivitazama vitu hivyo kimoja kimoja.

"Tangu lini?" aliuliza.

Semboja alichukua mwavuli wake, akatoka.

"Tangu lini, Ukasha?"

"Tangu mlipoondoka."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Jioni." Alikuwa anatazama sakafu. "Nilijilaza pale, nikausikia. Nikanyanyuka. Semboja alikuwa bado hajafunga."

"Na ulikuwa unaniambia uko ndani."

"Ningesemaje? Nilishasema mbele za watu kwamba nalala pangu."

"Mimi ni watu?" Mwaija alisimama. Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Ukasha zaidi. "Mimi nimekula chakula cha kuhesabiwa kule, nikijua unalala chini ya ule ukuta. Mama yako haonji. Leo nimeingia mle ndani. Nimechimba kwa mikono, Ukasha. Nakutafuta wewe, na wewe una chandarua."

Aliinua mikono yake amwonyeshe. Kucha mbili zilikuwa zimekatika. Ukasha alijaribu kuishika, Mwaija akaiondoa.

*

Ukuta haukuanguka wakati wa mvua. Ulianguka alasiri ileile, mvua ikiwa imekwisha na jua limetoka na watu wameanika nguo. Ulikwenda polepole mwanzoni, kama mtu anayeketi, kisha ukaenda wote, na bati la jukwaa na mbao za vyumba viwili vikaenda nao. Vumbi lilitoka kwa mlango wa mbele mpaka barabarani. Watu walikimbia kuelekea kule, kisha wakakimbia kurudi, kisha wakasimama.

"Ukasha yumo!" mtu alipiga kelele. "Jamani, Ukasha analala mle!"

Vijana walikuwa wameshaanza kuvua mashati kwenda kuchimba. Ukasha alisimama kwenye mlango wa karakana akiwa na ile kanzu iliyolowa. Angeweza kukaa kimya mpaka wamwone. Mwaija alimtazama, hakumsukuma.

"Simo," Ukasha alisema. Hawakumsikia. Akapaza sauti. "Simo! Niko hapa. Nililala kwa Semboja. Hakuna mtu mle, msiingie!"

Waligeuka. Wengine walimwita Mungu, wengine walimkumbatia, na mmoja wa wale wa benchi la kahawa alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe askari alihama lindo." Kicheko kilipita. Ukasha alikipokea usoni.

Picha zilisambaa kwenye simu kabla vumbi halijatulia. Raymond, ambaye Mwaija alikuwa ameshamtumia namba, akampigia.

"Mama, nimeona. Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, mwanangu."

"Alhamdulillahi," Raymond alisema, ingawa si Mwislamu. Mwaija alimsikia akivuta pumzi. Alimpa mumewe simu.

Ukasha aliishika kama kitu cha moto. "Ni mimi," alisema. "Yule mzee." Akakohoa. "Nilikusema vibaya siku ile." Akakohoa tena. "Mbele bado kumesimama. Ukitaka kuja kupiga, njoo. Chai itakuwepo mahali."

Palibaki simu moja. Mwaija alitafuta namba ya Yusra, akaibonyeza, akampa Ukasha kabla haijapokewa.

"Ongea na mama wewe," Ukasha alisema. "Mwambie niko salama, inatosha."

"Haitoshi. Nimemwambia uongo wako wiki nzima, kwa mdomo wangu. Huu wa leo mwambie kwa mdomo wako."

Sauti ya Yusra ilisikika, kisha mshindo wa simu kupokezwa, kisha pumzi ya Bibi Hajira, ambaye kila mara aliiweka simu karibu mno na mdomo.

"Ukasha? Uko ndani?"

"Niko nje, mama. Ukuta umeanguka."

"Mwaija?"

"Yuko hapa. Mzima."

"Ulitoka leo?"

Semboja alikuwa amerudi, anajifanya kupanga vyuma. Wawili watatu wa benchi walikuwa mlangoni. Ukasha aliwaona wote.

"Sikutoka leo, mama. Nilitoka siku mliyoondoka. Sikulala mle hata usiku mmoja. Niliogopa."

Ukasha aliitazama simu kuona kama imekatika.

"Baba yako naye alikuwa mwoga sana," Bibi Hajira alisema. "Ndiyo maana nilizeeka naye."

Ukasha aliketi kwenye benchi na simu sikioni, akabaki hivyo hata baada ya mama yake kukata, mabega yakimtikisika, na wale wa mlangoni wakajikuta wanatazama pembeni. Mwaija bado alikuwa na hasira. Alisimama kando yake kwa muda, kisha akakamua upindo wa khanga yake, akaketi.